Wati Tano, Todmorden

Taa ya jokofu langu hula wati kumi na tano.
Redio yangu usiku huu inatoa tano.
Yaani theluthi ya ule mwanga unaoangukia maziwa na nusu limau
ndiyo ninayoirusha nje, Jumamosi, saa nne usiku,
kupitia waya niliofunga kwenye bomba la moshi,
ncha yake ya pili kwenye ufito wa kuvulia samaki
uliosimama bustanini ukitetemeka kwa mvua.

Todmorden ni mji uliotiwa mfukoni.
Vilima huku, vilima kule, mfereji katikati,
na mawimbi yangu, kabla ya kwenda popote,
sharti yapande kwanza.

Ti ni nukta. Taa ni kistari.
Ndivyo nilivyojifunza, kwa mdomo, nikiosha vyombo:
taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa,
nani yupo, nani yupo,
taa baada ya taa, na hakuna hata moja inayomulika kitu.

Wakubwa wapo. Wana minara, wana kilowati,
wananadi majina yao toka Kaluga, toka Bologna, toka Ohio.
Mwenye nguvu mpishe. Nami nampisha:
nasubiri avute pumzi,
nalichomeka jina langu kwenye upenyo huo
kama barua ya deni chini ya mlango.
Wananijibu tano-tisa-tisa, tunakupata safi kabisa,
kisha wananiuliza jina mara tatu.
Ni uongo wa adabu. Sote tunausema.

Saa kumi alfajiri nimefikisha watu thelathini na sita,
miguu ya baridi, chai imeota ngozi.
Ndipo namnasa mtu wa Newfoundland,
mwembamba, anazama, anaibuka.
Namwita. Anajibu wengine. Namwita.
Mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili: ti-ti-taa-taa-ti-ti.
Alama ya kuuliza.
Ng'ambo ya bahari nzima kuna mtu
amesimamisha mbio zake ili aulize: nani huyo?

Meza yangu imeegemea ukuta wa pamoja,
na upande wa pili hulala Enid Sutcliffe,
miaka themanini na minne, hasikii kengele ya mlango
wala king'ora cha zimamoto;
zamani, katika kituo cha pwani, alipokea meli.
Ukuta ulimwamsha.
Akaja na ndara zake na ufunguo wangu wa akiba,
hakusema neno, akachomoa waya wa masikioni mwangu
akaweka kiganja juu ya spika
kama anayempima mtoto homa.

Namba ikaja: mia sita, arobaini na —
ikazama.
Mimi sikuipata. Enid aliinua vidole vinne.
Nikaandika nne. Nikatuma shukrani.
Kule wakajibu ti, ti, nukta mbili za kwaheri,
na kelele za anga zikarudi kukaa mahali pao.

Sheria iko wazi: mshindani mmoja, masikio yake mwenyewe.
Jumapili jioni nikaifuta ile namba kwenye orodha.
Wa mia mbili na kumi na tatu, kati ya mia mbili na thelathini.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni;
haki yangu ndiyo hiyo, nimeipokea.
Karatasi yenye 644, lakini, sijaitupa.
Imebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa jokofu,
upande wa nje, gizani, isikofika ile taa.

Na siku nyingine, nimetulia na gazeti,
ukuta unaanza: nukta anagonga, kistari anakwaruza,
ti-ti-taa-taa-ti-ti.
Anauliza kama kuna chai.
Namjibu kwa mpini wa kijiko, polepole,
kwa sababu najua kiganja chake kiko wapi.