Saa ya Ufa

Pécs, Januari.
Wamenipa panya arobaini na kalamu isiyofutika.
Kila mmoja kapigwa mara moja, ndani ya usingizi wa dawa,
kwa kipande cha chuma kilichodondoshwa kimo kile kile,
kisha kadungwa: kichupa cha duara, au kichupa cha mraba.
Kimoja kina peptidi. Kingine ni maji ya chumvi.
Bulcsú anajua kipi ni kipi. Ameandika, akafunga bahasha,
bahasha akaitia kabatini, na ufunguo unalia mfukoni mwake akitembea.
Kazi yangu ni kuhesabu.

Nakata ubongo uliogandishwa, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
navilaza juu ya kioo, naviogesha rangi ya zambarau,
jicho kwenye hadubini, kidole kwenye kihesabio:
seli nzima, tik. Iliyosinyaa, napita.
Tik. Napita. Napita. Tik.

Kaka yangu Csongor alikuwa mwashi.
Alianguka Komló, Jumanne, toka jukwaa la ghorofa ya pili,
mwiko ungali mkononi.
Akainuka, akajipangusa, akasema si kitu,
akamalizia mstari wake wa matofali.
Jioni akaniuliza mama ni nani.

Pigo ni moja, fupi.
Yanayofuata ndiyo bandu bandu:
seli hufa, ikifa humwagia jirani sumu,
jirani hufura, hupasuka, naye ana jirani,
na gogo linaisha mwenye gogo akinywa kahawa.

Kumbe mwili una fundi wake.
Shanga thelathini na nane katika uzi mmoja;
walioutafuta uzi huo waliukuta kwanza katika bongo za kondoo.
Ubongo ukiumia huufuma wenyewe, kidogo, mbio mbio,
kama mtu anayeziba paa na mvua imeshaingia.
Peptidi hubisha mlangoni mwa seli, hunong'ona: usife kwanza.
Sisi tunataka kumwongezea fundi mikono, basi.
Ila ndani ya damu haikai. Dakika chache, vimeng'enya vimeikatakata.
Mgeni asiyengoja hata maji ya kunywa.

Usipoziba ufa... unajua linavyomalizikia.
Elimu yetu yote ni ya ile saa ya ufa.
Csongor yuko kwenye ukuta, mwaka wa nne sasa,
tofali la neno juu ya tofali la neno,
na mengine hayakai.

Usiku mmoja wa Novemba nilikichukua kichupa cha duara.
Nilikitia mfukoni, nikapanda basi,
kikayeyuka kwa joto la paja langu.
Nilishuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, nikarudi kwa miguu.
Daftarini nikaandika: kimoja kimeharibika, kosa langu.
Bulcsú alisoma. Hakuuliza.

Ijumaa bahasha ikafunguliwa.
Ni mraba.
Panya wa mraba wamebakiwa na seli nyingi zaidi,
si nyingi mno: zinatosha jedwali moja na tahadhari tatu.
"Panya si mtu," alisema Bulcsú, akitumiminia pombe ya plamu
katika vikombe vya kupimia.
Mimi nilikuwa nacheka peke yangu.
Niliiba maji ya chumvi.

Nyumbani supu iko mezani, nyekundu kwa paprika.
"Umehesabu ngapi?" anauliza, kama kila siku.
Elfu kumi na moja, mia mbili na sita.
"Nzima?"
Nzima.
Ananyanyua kijiko, anakitazama. Namwona anavyolitafuta jina lake,
anapekua, anafungua, anafunga.
Tumekatazwa kumsaidia. Supu inapoa.
"Koleo," anasema mwishowe. "Koleo dogo."
Anakunywa.

Tik.