Beleshi

Saa kumi alfajiri, Malindi bado imelowa usingizi na jasho,
mimi nazoa barafu.
Beleshi moja, sanduku la nguru.
Beleshi mbili, pweza.
Miaka kumi na mmoja nimeishika baridi kwa mpini
nikidhani tunajuana.

Kahindi ndiye aliyeanza,
Kahindi wa mtambo, ajuaye kikohozi cha kila bomba.
"Sisi twaizalisha kwa stima na bili," alisema.
"Kuna mahali yajizaa yenyewe,
bure, juu ya moto uliolala."
Tukacheka. Mbeyu, mnunuzi wa simsim, hakucheka.
Alitoa shilingi mia mbili, akaziweka mezani.
Kikawa chama.

Miaka miwili ya mia mbili mbili.
Jumapili tulipanda na kushuka ngazi za tangi la maji,
magunia ya mawe mgongoni,
watoto wa Maweni wakituhesabia kwa kelele,
na mamake Lali akiuliza dirishani
kama huko mlimani kuna mtu tunamdai.
Makoti tulinunua mitumbani. Mfukoni mwa langu
nilikuta tiketi ya treni, ya nchi nisiyoijua.

Tuliondoka Machi, masika hayajabisha hodi.
Voi, Taveta, kisha migomba,
kisha msitu unaodondoka maji,
kisha hakuna kitu: jivu, mawe,
na Kibo ile ile ikikataa kusogea.
"Polepole," alisema Elifuraha, kiongozi wetu,
na sisi watu wa pwani, tuliozoea kuitwa wazembe,
tukawa kwa mara ya kwanza wanafunzi bora.

Usiku wa mwisho, penye pango,
Kahindi alianza kuongea Kigiriama na mtu ambaye hakuwapo.
Elifuraha akammulika machoni.
"Huyu anashuka."
Hakubisha. Alinikabidhi chupa yake ya chai, tupu.
"Nijazie."
Tukampa mgongo. Hilo laniuma hata leo
kuliko vidole.

Kulipokucha, jua lilikuwa chini yetu.
Nilivua glavu, nikaingiza mkono.
Haikuwa nzito. Haikunuka samaki.
Ilikatika chini ya kiatu kama muhogo mkavu,
na mimi, mjinga, nilitafuta mpini.
Mbeyu akanusa upepo: "Kiberiti."
"Bado yuapumua," Elifuraha akasema,
akielekeza kidole shimoni,
kama mtu aonyeshaye chumba cha mgonjwa.

Lali Shee, karani wa mizani, mtu wa Lamu,
ambaye kwa siku tano alikuwa akitapika tu,
akasimama wima:

*Moto umejifunika, kwa shuka jeupe, zito,*
*nami pwani nimetoka, mwana wa jua na joto,*
*leo juu nimefika, chozi lanijaa mato,*
*mwenzetu ameshashuka, nimpelekee kito.*

Kisha akatapika tena.

Kito kilifika Malindi kimekuwa maji,
vikombe viwili, na punje za jivu chini.
Kahindi hakuyanywa.
Aliyamimina kwenye kalibu moja, akaijaza kwa maji ya bomba,
akaitia alama ya rangi nyekundu ubavuni.
"Kesho tutauona mlima."

Kesho yake kijana wa zamu ya usiku
alikuwa ameshaliuza lile pande, pamoja na mengine.
Lali mwenyewe alilipima, macho yamejaa usingizi:
kilo ishirini na tano.
Likapondwa, likapakiwa garini na changu na kolekole,
kuelekea hoteli fulani, hatujui ipi.

Kahindi alinyamaza mpaka chai ikapoa.
Halafu akacheka, akacheka,
akakohoa kama bomba lake bovu.

Mbeyu alikuwa anahesabu chenji.
Alichambua noti mbili za mia, akazilaza mezani,
akazikandamiza kwa kikombe upepo usizichukue.
"Kahindi hajafika," alisema.

Nikaenda kuchukua beleshi.