Fomu ya Ishirini na Moja

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Basi la njano limegoma huko kilimani,
nami nimebaki darasani na rundo la fomu,
chai iliyopoa, na kalamu ya wino mweusi
maana wa buluu, wamesema, mashine haiusomi.

Fomu moja, mtoto mmoja.
Maswali mia na kitu kwa watu
ambao hawajatimiza miaka sita.

Je, hushika penseli sawasawa?
Je, hungoja zamu yake?
Huja shuleni amechoka?
Huja na njaa?
Daima. Mara nyingine. Kamwe. Sijui.
Visanduku vinne, vidogo kama meno ya utotoni.

Ishirini wamekwisha. Waliteleza tu:
Aila Lahti, asomaye hata maandishi ya kasha la mayai;
pacha wa Kowalchuk, mmoja anauma, mwenzake anaumwa;
Odette, ambaye baba yake hushinda usiku shimoni
akichimba nikeli, asubuhi humleta
vumbi likiwa bado kwenye kope,
humfunga zipu ya koti, ingawa ndiyo kwanza wamefika,
kisha hucheka, huifungua.
Vema. Vema. Vema.

Halafu Desmond Wabano.

Swali la kumi na nne: huweza kuhesabu hadi ishirini?
Kwa lugha ya shule, huishia sita.
Lakini ipo Jumanne moja.
Alizipanga buti za darasa zima ukutani
akazihesabu kwa Kikrii, lugha ya bibi yake,
taratibu, kama mtu anayehesabu deni analodaiwa.
Sikujua amefika ngapi.
Nilijua tu kwamba alisita, akanitazama,
akaenda mlangoni:
buti moja ilikuwa imesahaulika nje,
imejaa theluji hadi shingoni.

Kalamu ikabaki hewani.
Wahenga wa kila mahali wanajua
mkono mmoja haulei mwana,
na hapa ni mkono mmoja unaomwandika.

Juni wakatuletea ramani.
Tuliketi kwenye ukumbi wa uwanja wa barafu,
barafu imekwisha yeyushwa, harufu ya soksi haijaondoka.
Mtaa wa juu ulikuwa kijani cha majani machanga.
Mtaa wetu, ng'ambo ya reli, zambarau iliyokolea,
kama goti lililoanguka wiki iliyopita.

Mtaalamu alikuwa mpole, kijana mwenye tai fupi.
Hatumpimi mtoto, akasema,
tunapima tulichompa kabla hajafika mlangoni.
Nilimwamini. Bado namwamini.
Lakini nilimwona baba yake Odette
akiitafuta nyumba yake kwa kidole kwenye ile zambarau,
na kidole kilipoifikia
akakirudisha mfukoni.

Ndipo Bibi Wabano akauliza, bila kusimama:
Rangi hii iliingia kabla hamjafunga maktaba
au baada?

Hakuna aliyekohoa.
Kijana akafungua faili, akalifunga.
Akaandika kitu. Natumaini aliandika.

Maktaba sasa hufunguliwa Alhamisi, saa tatu tu,
na basi la ziada tuliloahidiwa
lingali ahadi.
Siwezi kusema ramani ilitusaidia.
Siwezi kusema haikusaidia.

Na ile fomu? Mlinzi aligonga dirisha,
basi limewaka, mwalimu, twende.
Kwenye swali la kumi na nne
nikaweka vema kando ya Sijui.
Mashine ikamsoma mtoto.
Mimi nilikuwa nimejijibia mwenyewe.

Alhamisi hizi tunakaa, mimi na bibi yake,
kati ya rafu mbili za vitabu vya watoto.
Ananifundisha kuhesabu. Desmond anasikiliza
huku akijifanya anatazama picha za nyangumi.
Nafika tisa, napotea.

Je, mwalimu huweza kuhesabu hadi ishirini?
Bibi Wabano anafikiri,
anachora kisanduku hewani kwa kidole chake kilichopinda,
anakiacha wazi.