Saizi ya Mwiba

Msimu wa mzinga wangu wa kwanza, porini Ipole,
nilishuka mtini na miiba thelathini na saba.
Mayu aliing'oa kwa ukucha, akiihesabu kwa sauti
kama anayehesabu ng'ombe wa mahari,
nami nacheka tu, asali ikinichuruzika hadi viwikoni.
Sikumbuki hata mmoja ulioniuma.

Juzi kanichoma nyuki mmoja.
Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto.
Nikakaa kwenye majani makavu nikalia kwa kwikwi,
ndoo imepinduka,
mtu mzima wa miaka arobaini na mbili.
Nyuki ni wale wale. Sumu ni ile ile.
Ila Mihayo alipanda treni Jumanne bila kuniaga,
na kitambaa nilichowashia moshi
kilikuwa mkono wa shati lake.

Tabibu Magoko, pale zahanati, alikigeuza kidole akasema:
"Mwiba hukaa hapa. Maumivu hupikwa juu, kichwani."
Nikamuuliza, basi mpishi ni nani?
Akaniandikia Panadol.

Usiku huu, kabla sijafunua mzinga,
nimehesabu kwa sauti ya mayu: moja, mbili, tatu,
taratibu, moshi ukipanda.
Nilipofika tisa, wa kwanza akanichoma shingoni.

Umeuma.
Sisemi haukuuma.
Lakini umeuma saizi yake, saizi ya mwiba,
na Mihayo amebaki kule chini, penye ngazi,
kidonda kingine,
kinachosubiri zamu yake.