Vitobo vya Kofia ya Shaame

Alhamisi, Wete. Umeme umerudi saa nne,
printa inakohoa ndipo inaamka.
Bi Kazija anaingia na simu mkononi
kama mtu aliyebeba yai.
"Nitolee hii. Futi mbili upana. Naitundika ukumbini."

Kwenye kioo cha simu Shaame anacheka:
jino la dhahabu, kanzu, kofia.
Kweli, kapendeza.
Lakini kioo ni kidogo, na kina taa ndani yake,
na taa humpamba mtu yeyote.

Naifungua kwenye kompyuta, naiuliza nukta zake.
Upana mia saba na ishirini.
Urefu mia tisa na sitini.
Basi.
Ilipigwa Mkoani, ikatumwa Maskati,
ikarudi kwa binamu wa Konde, ndipo ikamfikia yeye,
na kila ilipopita ilitozwa ushuru,
hata ikafika nyepesi
kama makonyo yaliyokauka.

Sleyum, kijana wangu wa kazi, anajitia ujuzi:
kisanduku kimeandikwa 72, yeye anaandika 300.
"Tayari."
Tayari nini? Umebadilisha kibandiko.
Ukiandika "pishi" juu ya kibaba
mchele hauongezeki.

Namwambia Bi Kazija kwa adabu:
karatasi haina taa, karatasi haisamehe.
Kwa jicho la mtu aliye karibu
inataka nukta mia tatu kila inchi.
Hii ukiitanua futi mbili, zinabaki thelathini.

"Wewe," anasema, "unanihesabia mimi?"
Anavuta kiti.
"Nashona kofia tangu sijavunja ungo.
Vitobo vya kichwa cha mtoto
huwezi kuvitawanya kwenye kichwa cha mzee
ukasema kofia ni ileile. Vinakuwa madirisha."

Miaka sita nalieleza jambo hili
kwa wagombea, kwa mabwana harusi, kwa walimu wakuu
wenye mabango yao.

Tukaikuza ili ajionee.
Shaame akavunjika miraba, miraba ya kahawia,
jino likawa mraba mmoja wa manjano.
Bi Kazija akaweka kidole juu ya kichwa.
"Kofia hii nimeitoboa mimi, miezi minne.
Hapa sioni hata kitobo kimoja.
Hili ni wingu."

"Ipo programu siku hizi," Sleyum akasema, "inajaza."
"Inajaza na nini?"
"Inakisia."
"Ikishakisia ule mkunjo wa jicho lake,
atakayetoka hapo ni Shaame yupi?"
Sleyum akatazama viatu vyake.

Nikampa njia mbili.
Nimtoe mdogo, inchi mbili na kidogo, atoke safi.
Au nimtoe mkubwa, atundikwe juu,
atazamwe kutoka ng'ambo ya barabara:
kwa mbali jicho huziba mapengo lenyewe.
"Nimtazame mume wangu kwa mbali," akasema.
"Huko mbali si ndiko aliko?"

Akakaa. Feni ikazunguka.
Kisha akafungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni,
ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa
kofia yenyewe.
"Na hii? Mashine yako inaiona?"

Nikailaza kwenye kioo cha skana, imekunjwa bapa,
inchi kumi na moja kutoka ncha hadi ncha.
Nukta mia sita kila inchi.
Mwanga ukapita chini yake polepole
kama mtu anayetafuta sindano.
Elfu sita na mia sita. Gawa kwa mia tatu:
inchi ishirini na mbili.
Futi mbili kasoro vidole.

Ikatoka. Kitobo kwa kitobo, uzi kwa uzi,
na kimoja, upande wa kushoto, kimefungwa vibaya.
Akacheka kwa mara ya kwanza.
"Hapo aliniita. Nikageuka."

Akaondoka na karatasi mbili:
kofia kubwa ya ukutani,
na Shaame mdogo, wa kushikwa mkononi.
Sleyum, bila ya kuambiwa,
akafuta ile 300 yake.