Anayeitika

Mama aliweka cherehani barazani kwa Jayantilal,
karibu na mnara wa saa, Moshi mjini,
akalipia kivuli kwa kushona bure:
mapazia, foronya, suruali za mwenye duka
ambaye tumbo lake halikutulia kwenye kipimo kimoja.

Likizo ya Desemba akaja Nilesh kutoka Tanga,
miaka mitano, magoti meupe kwa vumbi.
Siku ya pili akaruka kutoka juu ya marobota,
akakosa sakafu, akapata ngazi.
"Mama!" akalia. "Maamaa!"
Mama yangu akaacha mguu wa suruali
ukining'inia kwenye sindano.
Jayantilal akaacha mkasi, mteja na chenji yake.
Wakagongana mlangoni, bega kwa tumbo.

"Ananiita mimi," akasema mwenye masharubu.
"Wewe? Tangu lini?"
"Mimi ndiye mama yake. Dada yangu kamzaa.
Kwetu, ndugu wa kiume wa mzazi ndiye mama."
Mama akamkagua kuanzia masharubu mpaka kandambili,
akacheka hadi akakaa chini,
na mtoto, kuona hakuna anayemlilia, akasahau goti.
Toka siku ile mtaa mzima: shikamoo, Mama Masharubu.
Naye, marahaba.

Mimi nilikuwa na fomu za shule.
Jina la mama: Ndeambilisia.
Jina la baba:
hapo alipitisha mstari kwa rula,
mnyoofu, kama anayekata kitenge cha mtu mkali.

Nilipokua nikapata kazi mapokezi,
hoteli ya wapanda mlima.
Levani alishuka kileleni midomo imepasuka,
akapiga simu kwao Jojia,
ile ya milimani, si ya Marekani.
"Mama," akasema.
Ikajibu sauti nzito, ya kikohozi na sigara:
"Mama."
Nikadhani mwangwi. Kisha nikadhani mafua.
Alipokata nikamwambia pole, mama anaumwa?
Akacheka, midomo ikapasuka upya.
Kwao mama ni baba,
na baba akimwita mwanawe kwa mapenzi
humrudishia neno lilelile, kama chenji.
"Na aliyekuzaa?"
"Deda."
Nikamwambia, hapa kwetu dada ni mimi,
chukua kitambaa ufute damu.

Usiku nikarudi Kiboriloni,
nikamkuta anapima chumvi kwa jicho.
Sikumwambia. Ningesemaje?
Kwamba ule mstari wa rula,
iko nchi ungejazwa kwa herufi nne,
na zote nne anazo?

Huwa nawaza: mtoto hasemi kitu.
Anafunga midomo kwa kuwa ziwa limeondoka,
anaifungua kwa kuwa njaa haijaondoka.
Ma. Ma.
Ni mlango tu, upepo unaugongagonga.
Wakubwa ndio wanaokuja mbio,
kila nyumba na wa kwake,
mwanamke huku, mjomba kule,
baba mmoja huko kwenye theluji yake,
wakisukumana kizingitini: ananiita mimi.

Jayantilal alifariki mwaka ule wa mvua
zilizopasua barabara ya Majengo.
Nilesh hakuwahi. Alifika miezi saba baadaye,
kutoka Uingereza, kipara kimeanza,
begi moja, viatu vya safari.
Duka sasa linauza simu na vifuniko vya simu.
Cherehani ipo palepale.
Akasimama mlangoni akitazama rafu
zilikokuwa majora ya khanga,
akasema, wala si kwa sauti, wala si kwa mtu,
"Mama."

Mama yangu akaondoa mguu kwenye pedeli.
"Abee," akasema,
akamsogezea kigoda.