Shimo la Elfu Thelathini na Tano

Krismasi inabisha hodi na sijui nimpe nini Thembo,
baba yangu, aliyebeba mifuko ya gofu Kilembe
enzi shaba ikinukia mpaka kwenye uji
na Kiswahili cha mgodini kilikuwa nusu amri, nusu matusi.

Shati analo. Blanketi analo, la kanisa.
Redio nilimletea mwaka juzi, akamwazima jirani,
na jirani akahamia nayo Mpondwe.

Anachokipenda kipo chini ya kitanda,
katika sanduku la baruti lisilo na baruti:
kadi za alama zilizotafunwa na mende pembeni,
penseli fupi kama kidole cha mwisho,
kijiti cha mbao, rangi yake nyekundu imebaki shingoni tu,
na mipira kumi na tisa, kila mmoja na jina la aliyeupoteza.
"Huu wa Bwana Makferi. Aliutia mtoni,
akautukana mto kwa lugha tatu.
Nilingoja akalale, ndipo nikaingia majini."
Huihesabu Jumapili baada ya misa
kama mtu anayehesabu mbuzi ambao hawakuwahi kuwa wake.

Nimezunguka Kampala siku mbili.
Wana kikombe cha chai chenye picha ya mchezaji,
meno meupe, kofia nyeupe, mguu juu kama yuko ngomani.
Wana soksi za vijipira. Wana saa ya ukutani
ambayo kila namba yake ni bendera.
"Dada," akasema muuzaji, "wazee hupenda hivi."
Wazee gani? Wangu angeuliza: nani alikichezea hiki?
Kitu ambacho hakijapotezwa na mtu, kwake si kitu.

Nikarudi na basi la usiku, mikono mitupu.

Uwanja wenyewe haupo tena.
Nyamwamba ulishuka na milima mgongoni,
mawe makubwa kama nyumba za wachimbaji,
ukalala juu ya nyasi zilizonyolewa miaka na miaka,
na ulipoamka ulikuwa umebadili njia.
Leo penye shimo la sita wanachota mchanga,
la tisa ni maji matupu,
na la saba, huyu husema hapa, yule husema pale,
wanagombana kama warithi.

Mbambu huwauzia wachota mchanga chapati na maharagwe.
Maharagwe huyapima kwa kopo la chuma,
zito, lenye tundu katikati ya kitako,
na tundu amelipachika kizibo cha soda.
Nililiona nikiwa natafuna. Chapati ikanikwama.
"Hilo umelitoa wapi?"
"Mume wangu alilifukua. Lina ubaya gani?"

Elfu tano, nikasema. Akanitazama.
Nikafanya kosa la kuruka haraka hadi ishirini,
na Mbambu, ambaye hakuzaliwa jana,
akalifuta kwa kitenge, akaliweka nyuma yake.
Tulikomea elfu thelathini na tano
na kopo jipya la kupimia.

Thelathini na tano, jamani, kwa shimo!
Maana ndicho nilichonunua: tundu,
na chuma chembamba cha kulizuia lisibomoke.

Nililifunga kwa gazeti. Baba akalipokea kwa mikono miwili.
Hakusema asante. Alilipindua,
akang'oa kizibo, akatia kidole penye mguu wa bendera,
akalinusa.
Kisha akatoka nje, akalifukia uani hadi mdomoni,
kati ya mihogo na kamba ya nguo,
akachutama, jicho moja kalifumba.

"Si la saba," akasema. "Hili ni la nne.
La saba lilikuwa na mkwaruzo. Ni mimi niliyelikwaruza,
siku ile mke wa meneja..."
akacheka peke yake, hakumalizia.

Mama akauliza kuku ataliwa lini.

Baba akaupiga mpira wa Bwana Makferi kwa mkongojo.
Ukapita pembeni, upana wa kiganja.
"Kushoto," akasema. "La nne siku zote lilivutia kushoto,"
na akanituma mimi, mwenye miaka hamsini na moja,
nikauokote.